Somo na Wengineo

Ukiingia nyumbani kwa Somo saa ya matangazo ya vifo, ulikuwa huna ruhusa ya kusalimia. Ungevua viatu, ungeinua mkono tu, ungetafuta pembe ya mkeka ukakaa, na shikamoo yako ungeimeza mpaka mtangazaji awamalize wafu wote wa Kwale na Msambweni, pamoja na wale wa Mombasa waliokuwa na watu huku kwetu. Redio yenyewe ilikuwa ndogo, imefungwa kwa mpira wa baiskeli kwa sababu mfuniko wa betri ulipotea zamani, na ilikaa juu ya kabati la vyombo, mahali ambapo wengine huweka picha ya Makka. Matangazo yakiisha Somo alikuwa akisema inna lillahi, anavuta pumzi, kisha anaitikia salamu ambayo ulikuwa bado hujaitoa. "Marahaba, mwari wangu. Umekonda."

Mimi sijawahi kukonda tangu niolewe, na mashahidi ninao. Lakini kwa Somo kila mwari wake alikuwa amekonda, na kabla hujajitetea sahani ilikuwa imeshawekwa mbele yako.

Asiye wa huku ataniuliza somo ni nani. Ni mwanamke ambaye msichana hukabidhiwa kwake anapokaribia kuolewa, amfunze mwili wake, nyumba yake na ulimi wake, na tangu siku hiyo wewe ni mwari wake mpaka mmoja wenu azikwe. Wanawake wengi wa Mwabungo, na wa Galu pia, tulipita mikononi mwa huyu mmoja. Jina lake tulilijua, ila kulitaja mbele yake kulikuwa ni ukosefu wa adabu, na sitaanza leo. Ukoo wake nao nauacha. Watu wa kwetu wakishaujua ukoo wa mtu huona wameshamjua mtu mwenyewe, na hapo huacha kusikiliza.

Alikuwa na mambo yasiyopatana, na sisi wari wake tulikuwa tukiyahesabu tukikutana peke yetu tukicheka. Alitufunza kuvumilia waume, na yeye mwenyewe aliwahi kudai talaka kwa kadhi mara mbili na mara zote mbili akaipata. Alitufunza kusema kwa sauti ya chini, na sauti yake mwenyewe ilikuwa ikimfukuza mbuzi aliyeingia shamba la jirani, yeye akiwa jikoni kwake. Alitukanya tusiamini maneno ya watu hata kidogo. Redio je? Redio aliiamini kuliko sisi sote. Nilimwuliza siku moja sababu, nikiwa bado msichana mwenye mdomo.

"Mtu akikudanganya ana kitu anakitaka kwako," akaniambia. "Redio inataka nini kwangu?"

Aliwahi kusikia katika matangazo kwamba mzee mmoja wa Mwabungo, muuza nazi, ametangulia mbele ya haki. Hakuuliza mtu. Alifunga leso, akabeba sukari na unga, akenda kuhani. Akamkuta marehemu barazani kwake anapiga mswaki. Kumbe aliyekufa alikuwa mtu wa Msambweni mwenye jina kama lake. Mwingine angeona haya akarudi na sukari yake. Somo alimpa mke wa mzee vile vitu, akamwambia aviweke, akaongeza maneno aliyokuwa akiyapenda kuliko yote: "Lisemwalo lipo, kama halipo laja." Yule mzee alimnunia. Msimu haukuisha akafa kweli, na Somo akenda kuhani mara ya pili bila kusema neno, ila alitutazama sisi wari wake kwa namna ambayo tulielewa. Tulicheka sana siku zile. Sasa nikikumbuka sicheki.

Kazi yake nyingine ilikuwa wajane. Mwanamke akifiwa na mume, anakaa eda miezi minne na siku kumi, hatoki wala hajipambi. Eda ikiisha, sisi kwetu kwa desturi ya wakongwe tulikuwa tukimpeleka baharini alfajiri, akaogeshwa maji ya chumvi, akavishwa leso mpya, akarudi mjini mtu kati ya watu. Somo ndiye aliyekuwa akiwaongoza. Alikuwa hawashiki mkono wakati wa kwenda. Alisema mjane aende kwa miguu yake mwenyewe, kwa kuwa kule nyuma hakuna wa kumrudisha. Wakati wa kurudi ndipo alipokuwa akiwashika. Tulikuwa na njia yetu ya kwenda pwani, nyembamba, katikati ya mashamba mawili, na hakuna aliyekumbuka siku ambayo haikuwepo.

Kisha shamba moja likauzwa, ukajengwa ukuta, na njia ikawa ndani ya ukuta. Somo hakuambiwa. Alifika pale alfajiri na mjane wake, na wanawake wengine nyuma, mimi nikiwa mmoja wao, akakuta geti la chuma. Bawabu alikuwa kijana wa bara, mwenye heshima zake, akasema, "Mama, pole, lakini hii ni plot ya mtu." Somo alimwomba. Alimweleza eda ni nini. Kijana alikaribia kulia lakini hakufungua. Ikabidi tuzunguke kwa barabara ya lami mpaka njia ya hoteli, na jua likatukuta huko, na yule mjane aliyekuwa hajaonwa na mtu miezi minne akapita mbele ya vijana wa bodaboda na leso yake nyeupe, anatazama chini. Hakuna aliyemcheka. Vijana walizima pikipiki wakanyamaza. Lakini Somo aliniambia hajawahi kuaibika vile.

Alipanda Kwale kwenye ofisi za kaunti, akarudi. Akapanda tena. Walimwambia kwamba jambo hilo ni la mwenye shamba, na mwenye shamba akawa hapatikani. Mara ya mwisho alishuka Kombani akatukuta tunamngoja, akasema kwamba akina Fulani wanaogombea wadi yetu hawajawahi kupeleka mjane baharini, kwa hiyo atagombea yeye. Tulidhani anatania. Vigelegele tulivipiga kwanza kwa mzaha, kisha tukaona uso wake tukavipiga kwa kweli.

Alisimama kama mgombea huru, alama yake ungo. Waliokuwa mbele yake walikuwa wawili: Diwani, aliyewahi kukalia kiti hicho zamani na kutoka bila alama yoyote isipokuwa choo cha soko kisicho na maji, na Mwenye Malori, tajiri wa mchanga, ambaye kila mtu alijua ni mshirika wa yule aliyejenga ukuta. Somo alikuwa na jambo moja tu, nalo ni njia. Alipita nyumba kwa nyumba akisema nikiingia, mlango wa kwanza nitakaoufungua ni lile geti. Wauza samaki walikuwa wakimhitaji, kwa maana samaki wao sasa walizungushwa juani. Wavuvi walimhitaji. Wenye makaburi ya wazee wao kule ndani walimhitaji. Mikutano yake ilijaa watu wenye nyungo vichwani, wanaume kwa wanawake, na mimi kwa macho yangu niliona tumeshinda.

Siku ya mkutano wetu mkubwa kuliko yote, redio yake mwenyewe, ile ya vifo, ikatangaza kwamba kinyang'anyiro cha wadi yetu ni mbio za farasi wawili. Ikataja majina mawili. Halafu mtangazaji akaongeza, "na wengineo."

Tulikuwa tumekaa kwake. Nilitaka kuirusha ile redio nje. Somo alicheka mpaka leso ikamwanguka begani, akasema farasi wenyewe amewaona wapi, Mwabungo hakuna farasi, labda ni wale ngamia wa kuwapandisha watalii kule Diani. Kuanzia hapo akajiita Bi Wengineo. Ukibisha hodi anasema, "Karibu, Wengineo yupo." Nilicheka naye. Niliona mtu anayejicheka hawezi kuvunjika.

Watu wa redio walimwita kwenye mjadala studioni Ukunda. Alivaa buibui jipya nililomshonea mimi dukani kwangu Kona ya Musa, huko huko Ukunda nilikoolewa, na alikuwa amejifunza mambo yake yote, mipaka ya shamba, ahadi za kaunti, sheria ya njia za umma, yote kichwani. Diwani aliulizwa habari ya maji. Mwenye Malori aliulizwa habari ya barabara na ajira. Zamu yake ilipofika mtangazaji, kijana mcheshi ambaye nyumbani pengine ni mwana mwema tu, akamwuliza akishinda atawafunza waheshimiwa nini kule bungeni, kukaa na wake zao? Watu studioni wakaangua kicheko. Somo akajibu kwamba wengine wanahitaji, akatoa jibu hilo kwa upole, kisha akasema habari ya njia, akaisema vizuri, na hakuna aliyemkatiza. Lakini kilichozunguka kwenye simu za watu jioni hiyo hiyo kilikuwa swali lile na kicheko kile. Ya njia hakuna aliyeirusha.

Halafu ikaja runinga kutoka Mombasa, kutengeneza habari ya kuta za pwani. Walimsimamisha mbele ya geti, wakampiga picha nzuri, wakamsikiliza muda mrefu. Somo alirudi amefurahi. Ilipoonyeshwa tulijazana kwa jirani mwenye runinga kubwa, na tulipomwona tukashangilia, na chini ya uso wake yakatokea maandishi: mkaazi wa Mwabungo. Wakatokea Diwani na Mwenye Malori, kila mmoja ameandikwa mgombea. Somo alitazama mpaka habari ikaisha. Aliposimama kuondoka alimwambia mwenye nyumba kwamba hawakusema uongo, yeye ni mkaazi kweli.

Baada ya hapo nilianza kuusikia ule ugonjwa. Sina jina jingine la kuuita. Mteja anakuja dukani kwangu kushona dera, anamsifu Somo mpaka machozi yanamlenga, somo wangu, mama yetu, hakuna kama yeye, halafu anasema, "Lakini hashindi." Namwuliza nani kasema. Ananijibu watu ndio wanasema. Watu gani? Si wewe hapa unasema unampenda? Anasema yeye angempa, ila wengine hawatampa, na akimpa yeye peke yake kura itapotea, na Mwenye Malori atapita kwa sababu yake. Muuza viatu wa jirani yangu aliniambia hivyo hivyo. Mzee mmoja muungwana, ambaye mke wake aliogeshwa na Somo alipotoka eda ya mume wa kwanza, aliniambia kwamba mchetu huyu, mwanamke kwa Kidigo, ndiye mwenye akili kuliko wote watatu, na kwamba yeye atampa Diwani. Kila mmoja alimtaka, na kila mmoja alidhani yuko peke yake. Niligombana na wateja mpaka mume wangu akaniuliza kama nimefunga duka.

Kura tulipiga shuleni Mwabungo, kwa kuwa yangu sijaihamisha. Somo alikuwa mbele yangu kwenye foleni. Alikaa ndani kwa muda mrefu kidogo, akatoka na wino kidoleni, akanipita bila kunitania. Nilidhani ni hofu ya siku kubwa.

Diwani akashinda. Mwenye Malori akawa wa pili, karibu sana. Somo alipata kura ambazo sitazitaja, kwa maana hata aliyezitangaza alizitaja kwa sauti ya mtu anayeona haya. Redio iliwashukuru wananchi kwa utulivu.

Kesho yake watu walikuja kwake kuhani. Sina namna nyingine ya kuieleza. Hakuna aliyepanga. Wanawake walikuja na sukari, na unga, wengine na majani ya chai, wakatandika majamvi uani, wakakaa miguu imenyooshwa kama inavyokaliwa msibani. Wanaume walikaa nje wakinong'ona. Ilikosekana jeneza tu. Na mwenyewe Somo, aliyekufa, ndiye aliyekuwa akizunguka na birika kuwamiminia chai waliokuja kumlilia. Wakawa wanakwenda mmoja mmoja, wanamshika mkono, wanainama sikioni mwake. Nilikuwa nimekaa karibu naye nikayasikia. Nisamehe, Somo, mimi nilikuwa nikupe wewe, lakini walisema hushindi. Anaondoka huyo, anakuja mwingine na maneno yale yale. Yule mjane wa siku ya geti naye alikuja, akayasema. Nilitazama jinsi ua ulivyojaa, na njia ya kuingia ilivyojaa, na nikaelewa kwamba kama hawa wote wangefanya jana walichokuwa wakikisema leo, tungekuwa tunasherehekea.

Uvumilivu ukanishinda. Nilisimama katikati ya majamvi nikawauliza ni nani hao waliosema, wajitokeze, tuwaone. Niliwaita wanafiki. Kuna mama mmoja alianza kulia kwa sauti, nikamwambia alie tu, ana haki ya kulia, yeye ndiye muuaji. Somo aliweka birika chini akanijia. Hakupandisha sauti.

"Mwari wangu, mwenye msiba hagombezi waliokuja kumhani. Kaa chini."

Nikakaa. Nilimchukia kidogo siku ile kwa upole wake. Aliwasamehe wote, hata kabla hawajamaliza kuomba, na kila alivyowasamehe mimi nilikasirika zaidi. Niliona amefanya jambo zito kuwa jepesi, na nikasema kimoyomoyo kwamba labda ndiyo sababu watu walimchezea. Nilirudi Ukunda na hasira hiyo nikakaa nayo miaka.

Diwani hakufungua njia. Alikwenda pale mara moja na wapiga picha, akagonga geti, akaahidi kulifuatilia. Sasa kuna mkahawa ndani ya ule ukuta, na siku ya kuufungua yeye ndiye aliyekata utepe. Somo aliendelea kuwapeleka wajane, kwa njia ya lami, saa za mapema zaidi, mpaka magoti yakamkataa. Siku hizi wajane wengi wa kwetu huogea bafuni, wakatoka. Na redio aliendelea kuisikiliza. Hilo nililiona mara moja nilipompelekea nguo ya Idi.

Juzi nilikwenda kwake kwa jambo maalum. Uchaguzi umekaribia tena na majina yameanza kutajwa hewani. Wari wake vijana, wengine wana watoto wao wenyewe sasa, walinituma mimi mkubwa wao nikamwombe asimame tena. Walisema safari hii watatumia simu zao wenyewe, hawatangoja redio. Nilimkuta amekaa kibarazani anapepeta mchele, macho yamefifia, anatafuta mawe kwa vidole. Hakuniambia nimekonda. Hapo nikajua amezeeka.

Nilimpa ujumbe wote. Alinisikiliza mpaka mwisho akiendelea kupepeta. Nikamwambia watu wa Mwabungo wamejifunza, hawatarudia, kila mtu sasa anajua kwamba wenzake pia walikuwa wakimtaka. Nilimkumbusha siku ya majamvi. Nikasema, na sauti ikanipanda bila kutaka, kwamba mimi mpaka leo sijawasamehe wale watu.

"Wasamehe," akasema. "Hata mimi sikujipa."

Sikumwelewa. Nilidhani anasema habari ya kitu kingine. Akaweka ungo mapajani, akanieleza kwa upole ule ule aliokuwa akinielezea mambo ya ndoa nikiwa msichana. Alisema alipoingia kile kijumba cha kura akaliona jina lake, na picha ya ungo pembeni, na akaona lilikuwa limeandikwa vizuri. Alilitazama sana. Kisha akafikiri kwamba watu hawatampa, imeshasemwa kila siku kwamba hawatampa, na kura moja ya mwanamke mmoja itakayokwenda kwake ndiyo itakayompitisha mshirika wa mwenye ukuta. Alikuwa amewaahidi wajane njia. Akaona afadhali Diwani, pengine atafungua. Akampa Diwani, akakunja karatasi, akatoka.

"Kwa hiyo walipokuja kuniomba radhi," akasema, "ningewakatalia kwa uso gani?"

Nilitazama mikono yake. Nilitaka kumfokea, na nilitaka kumkumbatia, na sikufanya lolote kati ya hayo. Nilimwona akiwa ndani ya kile kijumba peke yake, hakuna mtangazaji, hakuna anayecheka, hakuna hata mimi, na bado walikuwa wameingia naye. Mimi nilikuwa nyuma yake kwenye foleni, na nilipoingia nilitia alama kwenye ungo kwa furaha, nikiamini angalau tuko wawili.

Ndani ya nyumba redio ilikuwa ikisema. Somo akanyoosha mkono akatafuta goti langu, akalipata, akalishika.

"Na wewe, mwari wangu? Sikuwahi kukuuliza. Wewe ulimpa nani?"

"Nilikupa wewe, Somo."

Alinigeuzia yale macho yaliyofifia, na uso wake ukajaa huruma, huruma ya kweli ya mzazi kwa mtoto aliyeachwa njiani na wenzake.

"Maskini," akasema. "Kwani ulikuwa hujasikia?"